Bwawa la Mama Mkwe

Nyumba yetu ya Turffontein, hapa Joburg, tuliinunua na bwawa lake la kuogelea, kama mtu aliyeposa mke akakabidhiwa pamoja na shangazi yake. Hatukuliomba. Watoto walipokuwa wadogo lilikuwa halikauki kelele, wao wakipigizana maji kwa Kizulu na Kiingereza, mimi nikiwafokea kwa Kiswahili. Wamekua, wamehama, bwawa likabaki na majani makavu na pampu inayokoroma kuliko mume wangu, na yeye kwa kukoroma si haba.

Mume wangu akaanza kulitazama kwa jicho baya. Kila Jumapili lazima alizunguke, mikono nyuma, anataja kasoro: vigae vya ukingoni vinabanduka, plasta imetoka mabaka, ufa umetambaa kutoka kwenye ngazi hadi kwenye kina, maji yanashuka kila siku. "Hili limekufa," anasema. "Nalijaza udongo, najenga vyumba vya kupangisha."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," namwambia.

"Ukuta ndio ninaoutaka. Ukuta wa vyumba!" Akacheka peke yake.

Wallahi ningemwachia, maana mimi mwenyewe siogelei. Lakini mama yake alikuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nasi, na magoti yake yalikuwa yamechoka. Nchi kavu alitembea kwa kushika ukuta, kiti, bega langu. Siku moja ya joto akaniomba nimshushe majini apoe kidogo. Akateremka ngazi na dera lake, dera likajaa hewa likamvimbia kiunoni kama kawa la kufunikia chakula. Akaniachia mkono. Akaenda hatua, akaongeza nyingine, mpaka ukuta wa pili, kisha akageuka.

"Ewe! Waniona?"

"Nakuona, mama!" Nilipiga vigelegele peke yangu uani, mbwa wa jirani wakaitikia. Tangu hapo ikawa kila alasiri ya joto anaingia, anatembea huko na huko kwenye maji ya kiunoni, hamshiki mtu. Bibi yule nampenda, na niliapa bwawa lake halifukiwi nami nipo.

Tukabishana mpaka tukakubaliana tulipime. "Likiwa linavuja, nafukia," akasema mume wangu. "Likiwa ni jua tu linalokunywa maji, nalitengeneza." Sharp, nikamjibu, tumekubaliana. Kipimo chenyewe ni rahisi: unaweka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, unatia alama usawa wa maji ndani ya ndoo na usawa wa bwawa nje yake, halafu unaacha. Jua linakunywa sawasawa kotekote. Bwawa likishuka kuliko ndoo, basi linavuja. Alama nilizitia kwa rangi yangu ya kucha, nyekundu. Pampu tukaizima. Mama tukamwomba asiingie majini kwa siku chache, wala hatukumwambia kwa nini, tusije tukamtia wasiwasi.

Siku ya kusoma majibu mume wangu alichuchumaa, akatazama, akatazama tena. Bwawa limeshuka vidole viwili. Ndoo haikupungua hata tone.

"Umeona mwenyewe," akasema. "Linavuja kama pakacha." Papo hapo akapiga simu, lori la udongo lije Jumamosi. Nilimnunia hadi chai akajipikia.

Hasira ilinipofusha, jamani. Hata mtoto angejiuliza: jua la Oktoba la Joburg, mvua hata harufu yake hatujaisikia, ndoo isipungue hata tone?

Jibu nililiona alasiri ya kesho yake kupitia dirisha la jikoni. Mama mkwe amekaa ukingoni mwa bwawa, mikono ya dera ameikunja, anachota kwa kopo kwenye ndoo yetu ya kipimo. Anatawadha. Alipomaliza akavuta mpira wa bustani, akaijaza ndoo polepole, kichwa ameinamisha aone vizuri, mpaka maji yakagusa rangi nyekundu. Nikatoka mbio.

"Mama! Unafanya hivi kila siku?"

"Bafuni mwenu siwezi kupandisha mguu kwenye sinki, mwanangu. Hapa nakaa, na maji yana uvuguvugu. Kwani kuna ubaya? Nimeona mwenye ndoo katia alama, nami narudisha palepale. Ndoo ya mtu huiachi pungufu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. Kisha nikamweleza yote: ndoo, kipimo, lori. Yeye hakucheka. Nilipotaja udongo alilifumbata kopo mikononi.

Jioni mume wangu aliporudi kutoka dukani mjini nilimvamia getini na habari hiyo. Eish, alijishika kichwa, akacheka hadi machozi. Lakini mbishi ni mbishi tu. "Haya, pengine halivuji," akasema. "Ila plasta imekwisha, mke wangu. Lile si bwawa tena, ni mbuzi ya nazi. Jumamosi iko palepale, na nitamwambia mama mwenyewe."

Tukamkuta sebuleni, amevaa soksi nene katika joto lile.

"Mama, soksi za nini?"

"Baridi ya wazee."

Mume wangu si wa kudanganywa na mama yake. Akapiga magoti, akamvua moja, akaugeuza mguu kwenye taa. Unyayo wote ulikuwa umechubuka, makovu ya zamani na mapya, chini ya vidole ngozi imetoka. Sisi tulikuwa tunasoma ndoo, kumbe bwawa lilikuwa limeshatoa habari zake zote kwenye miguu ya bibi kizee.

"Umeumia hivi, mama, na hukusema?"

"Ningesema mngenifungia."

Akabaki ameushika ule mguu. Nilijua sasa bwawa limekwisha, maana ushahidi alikuwa nao mkononi, na haki ilikuwa yake. Moyo uliniuma. Mama akamwekea kiganja kichwani, kama vile bado ni mtoto wa chuo cha Kurani.

"Litengeneze, mwanangu, usilifukie," akasema. "Udongo wangu upo, wanisubiri. Usiniletee mapema."

Mume wangu alimvisha mama yake soksi, akaivuta vizuri mpaka juu ya kifundo, akaenda uani. Nilimsikia kwenye simu, anazungumza na mtu wa lori.

"Hapana," alikuwa akisema. "Siyo Jumamosi nyingine. Usije kabisa."