Theluji na Kitunga cha Mama

Harufu ya muhogo uliolowekwa haina adabu. Haipigi hodi, inaingia puani na kukaa. Juzi, katika mji ninakoishi sasa, nilimkuta mwanamke ametandaza muhogo wake juani kando ya barabara, nami nikasimama kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Msinicheke. Kwenu labda ni chakula tu. Mimi ule weupe juu ya udongo mwekundu ulinirudisha Kasongo, darasani, siku tuliyofundishwa theluji.

Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari katika shule ya misheni. Mwalimu Anselme, aliyetufundisha Kiingereza, aliandika ubaoni shairi la Mmarekani mmoja aliyekufa zamani, kisha akatufasiria mstari kwa mstari, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiswahili. Halikuwa na vina wala mizani. Mstari mmoja ulikuwa mrefu hadi unagonga ukingo wa ubao, unaofuata neno moja tu. Sisi tuliokulia kwenye nyimbo za kanisani tuliona tumepunjwa.

"Mwalimu, hii haiko shairi," alisema Kalume, mtoto wa mfanyabiashara wa sokoni. "Iko barua, wameikatakata."

Mwalimu alicheka, akatuambia tusikilize kwanza. Mtu amesimama mlangoni asubuhi. Mbele yake kuna nyayo za mwenzake aliyeondoka, zimevuka uwanja hadi barabarani. Theluji inaanguka, inazijaza nyayo zile polepole, mpaka uwanja unakuwa sawasawa kana kwamba hakupita mtu. Basi, limekwisha.

Kazi ikawa kueleza theluji kwa watoto ambao baridi waliyoijua ni ya maji ya mtungi. Mwalimu alipiga kifutio ubaoni, vumbi la chaki likaanguka, akasema ni kama hivyo lakini baridi. Kalume akauliza kwa nini wale watu hawaikusanyi wakasonga bugali. Tulicheka mpaka darasa la jirani likagonga ukuta.

Kisha Mwalimu akauliza: theluji hii ni alama ya nini? Mmoja akasema kifo, kwa sababu maiti huwa baridi. Mwingine akasema amani. Mwalimu mwenyewe akaongeza usahaulifu: wakati unafunika kila kitu, hata tuliowapenda. Yote akayaandika ubaoni. Mimi nilikuwa naona wanakosea, na kosa lao lilikuwa linamgusa baba yangu.

Hapa lazima niwaambie habari za uwanja wetu. Kwetu, mtu akisafiri, nyuma yake hapafagiliwi siku ile. Ukifagia mapema umemfukuza. Umemfutia njia ya kurudia. Ni mwiko wa siku moja tu, na kesho yake kila mke anashika ufagio wake kama kawaida. Lakini baba alipoondoka kwenda Lusangi kuchimba dhahabu, mvua ilikuwa imenyesha, na mguu wake wa kulia ulizama katika udongo laini karibu na jiko. Udongo ukakauka na alama ikabaki, vidole vyote vitano vikionekana. Mama akaifunika kwa kitunga kikuukuu na kuweka jiwe juu, mvua isiifute. Akafagia uwanja mzima, ila pale hakugusa. Majirani walimtania. "Asiyekuwepo na lake halipo," walisema. Mama aliwajibu kwamba la mume wake lipo, liko chini ya kitunga.

Misimu ilipita. Kila nilipotoka shuleni nilifunua kidogo, nikaweka mguu wangu ndani ya ule wa baba, nikaona bado sijaujaza. Nilimtamani baba kwa namna ambayo sikuwa na maneno yake. Nilitamani kikohozi chake cha asubuhi na harufu ya sabuni shingoni mwake siku ya Jumapili. Niliamini kwamba alama ile ikidumu, atarudi.

Basi nikasimama. "Mwalimu, ile theluji iko kitunga."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mwalimu Anselme akainua mkono wakanyamaza. "Kitunga ya nini, binti yangu?"

"Ya mama. Baba alienda Lusangi. Mama alifunika alama ya muguu yake na kitunga, mvua isiifute. Na ile theluji inafunika vile vile. Haifute. Inachunga. Siku ile mutu atarudia, watafunua, watakuta alama iko."

Safari hii hakucheka mtu. Mwalimu aligeuka, na chini ya kifo, amani na usahaulifu akaandika: kitunga. Nadhani sijawahi kupata zawadi kubwa kuliko neno lile.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, nikamsomea shairi zima kwa Kiswahili nilivyolishika, nikamweleza jinsi nilivyowashinda wote. Nilidhani atafurahi. Mchi ulisimama kinuni.

"Irudilie pale mwisho," alisema.

Nikairudilia, uwanja ukawa sawasawa tena.

"Na ule mutu wa mulangoni? Mwalimu alisema nini juu yake?"

"Hakusema kitu, mama. Hatukumuzungumuza."

Aliendelea kutwanga. Kisha akauliza kama kweli mimi kila siku ninaenda kuangalia mguu wa baba. Nikasema kila siku, na kwamba nitaangalia mpaka atakaporudi, hata nikiwa bibi kizee. Nilisema kwa majivuno kabisa.

Kesho yake asubuhi nilisikia ufagio. Nilipotoka, kitunga kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na mama alikuwa amekwisha kulivunja lile bonge la udongo lenye alama kwa jembe na kulisawazisha. Alikuwa anafagia juu yake. Nililia, nikamwita mchawi, nikamwambia amemuua baba. Aliendelea kufagia. Kwa siku nyingi sikula alichopika mpaka ajifanye hanitazami.

Baba hakurudi, nami kwa miaka nikaamini ni kwa sababu ya ufagio ule. Nilikuja kujua ukweli nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, na mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Mama mdogo, aliyekuja kuniogeshea mtoto, alinieleza kana kwamba nilijua. Tangu kiangazi cha kwanza baada ya baba kuondoka, mchuuzi mmoja aliyetoka Lusangi alikuwa amemletea mama habari. Baba alikuwa mzima. Alikuwa na mke mwingine na mtoto, na alikuwa amesema wazi kwamba Kasongo harudi tena.

"Sasa kitunga ile aliiacha ya nini?" nilimuuliza.

"Juu yako. Ulikuwa unaifurahia. Lakini siku ile ulimwambia utangoja mpaka uzeeke, alikuja kwangu, akasema: huyu mutoto nitamuharibu."

Nimefikiria sana darasa lile. Kifo hakikuwa jibu, na langu pia halikuwa. Nyayo zile zilikuwa za mtu aliye hai, anayekula na kucheka mahali pengine. Mama alikuwa amejua hivyo peke yake misimu yote, akivumilia utani wa majirani ili mimi niwe na mahali pa kuweka mguu.

Watu wakiniuliza kama namkumbuka baba, nasema ndiyo, kidogo. Ninayemtamani ni mwanamke yule aliyeinama asubuhi ile, akifagia polepole mahali palipokwisha kuwa safi, amenipa mgongo muda wote. Nilidhani ni ukatili. Alikuwa analia, na hakutaka nione.