Onyo la Herufi Kubwa

Gereji yetu ya matrekta ilikuwa Nakuru mjini, na matawi mawili, Njoro na Bahati. Mwanzoni mwa miaka ya sabini mwenye gereji, Kalasinga mmoja mpole, alinunua daftari nene liwe likizunguka matawini na lori kila Jumatatu. Fundi akikwama aliandika swali, wenzake wakamjibu. Kwa miezi kadhaa lilitufaa kweli.

Kisha daftari likakabidhiwa kwa msimamizi wetu, mtu aliyependa utaratibu kuliko matrekta. Salamu kwanza, kichwa kipigiwe mstari, wino uwe wa buluu. Asiyefuata, maandishi yake yalichorwa kwa kalamu nyekundu.

Siku moja niligundua kwamba jeki mpya tulizoletewa zinashuka zenyewe zikiwa na mzigo. Nilishika penseli iliyokuwa karibu nikaandika: JEKI MPYA ZINASHUKA. USIINGIE CHINI YA TREKTA BILA KUIWEKEA MAGOGO. Sikusalimu mtu.

Msimamizi akaandika kando: "Unampigia nani kelele? Andika upya kwa adabu." Fundi wa Bahati alinitetea; mwingine akamjibu kwamba hata penseli yenyewe ni dharau. Kurasa nne zikajaa. Hakuna aliyeuliza habari za jeki.

"Andika tu upya, haya mambo yaishe," Kalasinga aliniambia.

"Siandiki, mzee. Wamenielewa."

Msimamizi alichukua gundi akabandika karatasi nyeupe juu ya maneno yangu.

Fundi wa Njoro alikuwa likizo wakati huo wote. Wiki aliyorudi kazini, jeki ilishuka na trekta ikamlalia mguu. Madaktari waliukata chini ya goti.

Nilimkuta hospitalini, macho darini.

"Nasikia uliandika," alisema.

"Niliandika."

"Mimi nilisoma mnagombana juu ya salamu. Nikadhani ni mambo ya ofisi, nikafunga daftari."

Jumatatu iliyofuata lilitoka tangazo la msimamizi kuhusu jeki, lenye salamu, kichwa kimepigiwa mistari miwili. Sote tulitia sahihi. Nilipomkabili, hakupaza sauti. "Ungeandika upya siku ile," alisema, "ningebandika nini?"

Dakika tano zingetosha kuandika upya. Badala yake nilinuna.

Nilienda kwa yule fundi mara mbili baada ya hapo. Mara ya tatu mkewe alinisimamisha langoni akasema mzee wake amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na redio ya mumewe ilikuwa inasikika hadi barabarani.