Magimbi ya Futari pale Mafiga

Wiki iliyopita nilirudi Mafiga, nikakuta palipokuwa na mgahawa wa bibi pana mkahawa mpya wenye vioo. Niliingia. Kula na kusema ukweli juu ya nilichokula ndiyo kazi inayonilisha. Huandika gazetini habari za migahawa ya Dar es Salaam, na wenye migahawa hawanipendi sana. Basi nikala kwa utaratibu wangu. Chai ilikuwa nzuri, tangawizi haikuonewa huruma. Chapati zilikuwa za jana, zimepashwa moto. Supu ya mbuzi ilipungua chumvi. Kisha mhudumu akaniletea karatasi ya maoni na kalamu, na hapo ndipo mkono wangu ulipogoma.

Nikueleze, ndugu yangu. Kazi hii niliianza nikiwa na miaka minane, hapo hapo. Bibi alikuwa na mabenchi manne, majiko mawili ya mkaa na sufuria moja kubwa iliyopinda mdomo. Asubuhi wanawake walishuka kutoka Uluguru na magimbi na ndizi kichwani, wakamwuzia, wakakaa kunywa uji. Ukungu ukiachia kilele tulijua ni wakati wa kubandika maharage.

Ramadhani ilipofika tulifunga mlango mchana, na bibi akapika futari ya kuuza jioni. Wapishi wengine huonja wakatema. Yeye hakutaka hata ncha ya ulimi iguse. Mimi nilikuwa sijaanza kufunga, kwa hiyo mwonjaji nilikuwa mimi.

“Mke mwenzangu, njoo uniambie,” aliniita, akininyooshea upawa. Siku moja nilimwambia mchuzi wake ni kama maji ya kuoshea vyombo. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, akaongeza nazi. Aliwatambia majirani kwamba mjukuu wake hajui kumbembeleza mtu.

Mwaka ule jirani alifungua mgahawa ng'ambo ya barabara, akaweka na televisheni. Wateja wetu wakavuka mmoja mmoja. Katikati ya mwezi mwalimu wa madrasa akaja na habari: angeleta wageni wa msikiti wafuturu kwetu siku moja, na wakiridhika wangefuturu hapo hadi Idi. Bibi aliniambia waziwazi kwamba wageni hao wakimponyoka, anafunga na kurudi mlimani kulima.

Siku yenyewe, wenzangu wa madrasa walinizomea. Anayekula mchana wa Ramadhani huitwa kobe. “Kobe wa jikoni, leo umemaliza sufuria ngapi?” Nikaamua kufunga, kimya kimya. Alasiri bibi aliponipa magimbi ya nazi, niliugusa upawa kwa midomo iliyofumbwa.

“Chumvi?”

“Imekolea, bibi.”

Adhana ilipotoka wageni walikula tende, wakageukia magimbi. Hakuna aliyelalamika. Mwalimu alimeza tonge moja, akaomba maji, akaisogeza sahani taratibu. Wengine nao wakasogeza zao. Kesho yake vicheko vyao vilisikika ng'ambo.

Jioni ile ile, walipoondoka, bibi alionja mwenyewe. Alikuwa ametia chumvi mara mbili.

“Uliyaonja?”

“Niliyaonja. Yalikuwa sawa.”

Alitazama viganja vyake. “Basi nimetia nyingine baada yako, na sikumbuki. Akili imeanza kunitoka.”

Ningeweza kusema. Nilikuwa na usiku mzima, na kesho, na miaka. Toka siku hiyo aliuliza mara tatu kama jiko limezimwa, akaacha kubishana na wauza ndizi, akaomba kukumbushwa majina aliyoyajua vizuri. Kabla ya Idi alifunga mgahawa. Aliishi mlimani miaka mingine mingi, akila alichopikiwa, hakugusa sufuria ya watu tena. Masika iliyopita tulimzika huko, na wazee walisema kichwa chake kilikuwa kizima mpaka mwisho. Yeye peke yake hakulijua hilo.

Mabenchi hayapo, sufuria sijui aliichukua nani. Magimbi kama yale nimeyatafuta Dar nzima, na kila ninapoyakosa naona ni haki yangu.

Nikajaza karatasi: chai, chapati, supu. Chini kabisa paliulizwa kama nina neno kwa mpishi. Niliandika, “Bibi, sikuonja.”

Mhudumu aliikunja bila kuisoma, akaitumbukiza kwenye kisanduku pamoja na nyingine.