Siku Televisheni Ilipotoka Nje

Kilichoniponza ni picha kwenye sanduku. Babu mwenye mvi, baba, mama na watoto wawili, wote wamesimama sebuleni mikono juu, wanacheka hadi ufizi unaonekana. Hakuna aliyeshika kitu. Muuzaji pale Kericho mjini akanieleza kwamba hiyo ndiyo raha ya gemu yenyewe: hakuna cha kubonyeza, kuna jicho tu linalowekwa juu ya televisheni, linakuona mwili mzima. Ukirusha mkono, mtu wa kwenye kioo naye anarusha. Ukiruka, anaruka. Nikamuuliza kama mzee aliyestaafu kitambo anaweza kucheza. Akasema hata awe mkongwe namna gani, mradi asimame.

Neno hilo, asimame, ndilo lililonifungua mfuko. Mzee wangu alikuwa ameacha kusimama.

Tangu tumzike mama, baba yangu alihamia kwenye benchi lililo nje ya nyumba yake. Huyu ni mtu aliyetoka Kisii akiwa kijana, akafanya kazi kwenye kiwanda cha majani chai mpaka wakamuaga rasmi, akanunua shamba hapa karibu na Merigi na kupanda chai yake mwenyewe, mche kwa mche. Sasa akitoka kitandani ni benchi, akitoka benchi ni kitandani. Daktari alituambia waziwazi kwamba magoti yasipotumika yatakataa kabisa, na mzee asiyetembea haishi sana. Baba akamsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akarudi nyumbani akaketi.

Mimi ni mtu asiyeweza kuketi. Mama alikuwa akisema nimekalia siafu. Hata chai nainywa nikitembea. Kumwona baba ametulia vile, asubuhi mpaka jioni, macho barabarani, kulinitia hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Na hiyo hasira, nikisema ukweli, ilikuwa hofu. Niliogopa atanifia akiwa ameketi, hapo mbele ya macho yangu, boma moja nami, na sina la kufanya.

Basi nikafika nyumbani na sanduku langu, sijavua hata koti, nikaanza kuunganisha nyaya. Binti yangu wa darasa la tano alikuwa anarukaruka kabla mashine haijawaka. Mke wangu alilishika lile sanduku, akaitazama picha kwa muda, kisha akauliza swali moja.

"Na mzee atachezea wapi?"

Nikasimama na waya mkononi. Kwetu sisi, baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si ugomvi, ni heshima, tunaiita chinsoni. Nyumba hii ninayoishi, baba ndiye aliyepima msingi kwa kamba, akawasimamia mafundi, akamgombeza wa mabati mpaka akarudia kazi. Siku tuliyohamia ndiyo siku aliyoacha kuingia. Na hata kama angeingia, baba na mwana hawarukiruki mmoja mbele ya mwenzake, hiyo ni aibu kwa wote wawili. Mbele ya mkaza mwana ndiyo usiseme kabisa. Walio huru ni babu na mjukuu tu, hao wanataniana watakavyo. Haya yote nayajua tangu nitahiriwe, nayajua kama njia ya kwenda mtoni. Pale dukani yakanitoka kichwani yote, kwa ajili ya picha ya watu nisiowajua.

Kumpelekea kwake haikuwezekana. Nyumba yake ina sola ya taa mbili na ya kuchaji simu, basi. Alikataa kuwekewa stima, anasema waya zinavuta radi.

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Kwa hiyo gemu ya familia nzima ikawa gemu ya mtoto. Akitoka shule anatupa mkoba, anacheza. Mimi nafanya zamu ya asubuhi, kwa hiyo mchana ninapokuwa peke yangu nami nikawa najaribu, zaidi kwa kukosa pa kuweka mikono. Kulikuwa na mchezo wa kuviringisha mpira mzito ili uangushe mapini, vile vigogo vilivyosimamishwa kama chupa mwisho wa njia. Nilikuwa mbovu. Mpira wangu ulikwenda kushoto kila mara, kama ng'ombe anayejua lango la jirani. Narusha, nakosa, nachungulia dirishani kuona kama mzee bado yuko kwenye benchi, narusha tena. Nikienda kumjulia hali, nilisimama kando yake tukaongea habari ya mvua na bei ya mbolea. Habari ya mashine ningeianzia wapi? Siku moja alisema tu kwamba anasikia kelele kwangu. Nikajibu ni mtoto. Akaitikia kwa kichwa.

Katikati ya siku hizo akahamisha benchi. Alilitoa upande wa barabara akaliweka upande huu wa kwetu, akamwambia binti yangu kwamba upepo wa barabarani unamuumiza kifua. Roho yangu ikashuka. Angalau barabarani alikuwa akiona watu wakipita, wale waendao sokoni na wale wa maziwa. Sasa naona ameiacha hata barabara, nikamwambia mke wangu. Usiku huo sikulala vizuri.

Kisha mashine ikaanza kunipoteza. Nasimama wima na mtu wa kwenye kioo anajikunja, au anatoweka kabisa mguu mmoja mmoja. Niliitukana vya kutosha kabla ya kugundua kwamba ni jua. Jua la mchana likipenya dirishani, lile jicho linapofuka. Nikafunga pazia, likaona. Tangu hapo, kila nilipocheza nilifunga pazia kwanza.

Haukupita muda binti yangu akaja na swali kutoka kwa babu yake. Alikuwa ameuliza kama ile mashine imeharibika.

Nilizunguka meza nikiwaza. Mbona aulize? Kumbe anaifikiria! Nikatoka mbio hadi jiko la nje, nikamwambia mke wangu kwamba mzee ameuliza habari ya mashine, ameuliza mwenyewe, hakuna aliyemchokoza. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata kichwa.

"Mzee hawezi kuingia," akasema, "lakini televisheni haina chinsoni. Itoe nje."

Nikamtazama mwanamke huyu. Wiki nzima nimekuwa nikipanda na kushuka kama mtu aliyepoteza ufunguo, na yeye anamenya ndizi.

Tulitoa meza tukaiweka mlangoni, televisheni juu yake, uso umeelekea uani. Nikavuta waya wa stima kutoka sebuleni. Mara ya kwanza tulifeli, jua lilikuwa kali na jicho halikuona hata mti. Tukaelewana kwamba tungoje wingu. Huku kwetu mvua ya mchana haikosi, na kabla haijanyesha kuna kipindi mbingu inafunga na mwanga unakuwa wa kijivu, huo ndio tuliohitaji. Nilimwomba Mungu wingu siku ambayo majirani wote walikuwa wameanika mahindi. Nilitoka, nikaangalia juu, nikaingia, nikakaza waya uliokuwa umekazwa, nikatoka tena. Mke wangu akaniambia nitaichosha nyasi.

Wingu lilipokuja, tulimtuma binti yetu akamwambie babu yake kwamba amekosa mtu wa kushindana naye. Asiseme zaidi ya hapo. Kisha mimi na mke wangu tukakimbilia jiko la nje, nyuma ya nyumba, tukaingia tukarudisha mlango. Mtu na mkewe, wamejificha kwenye boma lao kama wezi wa kuku. Lakini ndivyo ilivyobidi. Mmoja wetu akionekana, mzee angegeuza fimbo yake na kurudi.

Tukasikiliza. Kwanza hakukuwa na kitu ila maji kwenye sufuria. Nikakaa kwenye kigoda, nikainuka, nikakaa. Kisha nikasikia fimbo kwenye changarawe, polepole, ikisimama na kuendelea. Sauti ya binti yangu ikawa inamwelekeza arudi nyuma, bado, arudi tena kidogo, sasa ainue mkono ili ile mashine imjue. Mpira haukuviringika. Nikajua amekataa. Nikajua anaangalia pa kuketi.

Halafu nikasikia fimbo ikiegemezwa ukutani.

Mpira ukaviringika. Mapini machache yakaanguka. Binti yangu akamcheka babu yake bila huruma, akamwambia hata mtoto wa nasari anamshinda. Ukaviringika tena. Sikusikia cha kuanguka. Mara ya tatu yakaporomoka yote kwa kishindo, na baba yangu akacheka. Cheko la baba huanza kama kikohozi na huchelewa kuisha. Sikuwa nimelisikia tangu mama alipokuwa hai.

Nilikuwa nimeshasimama. Nilitaka kumwona. Ndicho kitu pekee nilichokitaka kwa mashine hiyo, kumwona akiwa amesimama anacheka. Mkono ulikuwa kwenye komeo.

Mke wangu alinishika sweta. "Ukitokea, ataketi," akasema.

Nikarudi kwenye kigoda. Nilifurahi na niliumia, vyote kwa pamoja, na machozi yakanitoka mbele ya mke wangu, nikasingizia moshi. Alinisukumia ndizi na kisu. Nikamenya vibaya, nikisikia miguu ya baba yangu ikisugua changarawe huko mbele, hatua moja mbele, moja nyuma, mpaka matone ya kwanza yakapiga mabati.

Binti yangu akaingia jikoni akihema, televisheni ameshaisukuma ndani, anataka maji ya babu yake. Babu amekwenda kwake kujikinga mvua, akasema, na kesho atarudi kwa sababu amesema bao alilopata si la kiwango chake. Mama yake akamjazia kikombe. Yeye akanigeukia.

"Baba, babu amesema unaachilia mpira mapema. Unakunja mkono kabla haujafika."

Nikamuuliza babu yake ameyajulia wapi hayo.

"Dirishani. Akikaa pale kwa benchi anakuona vizuri. Ni siku hizi tu hakuoni, tangu uanze kufunga pazia."

Kisu cha mke wangu kikasimama. Hakunitazama. Aliinama akasogeza kuni ambazo hazikuhitaji kusogezwa.

"Akasema tena," binti yangu akaendelea, kikombe mkononi, mguu mmoja tayari nje, "nyumba ikifungwa pazia mchana inashika unyevu. Ati usifunge."

Akaondoka na maji kwenye mvua.

Kesho yake nilitoka zamu nikaenda moja kwa moja sebuleni, nikalivuta pazia mpaka mwisho wa chuma. Jua liliingia lote. Mashine ilinipoteza mguu, ikanirudishia, ikanipoteza mkono. Nilirusha tu. Nilinyoosha mkono mpaka mwisho ndipo nikaachilia, kama nilivyoagizwa, na mpira ukaenda katikati. Shingo yangu yote ilitaka kugeuka kuangalia dirishani. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka, itabidi mmoja wetu aondoke.