Kompyuta Iliyobarikiwa kwa Maziwa Nainokanoka

Mimi ndiye mtu wa kwanza kuwasha Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kule juu Nainokanoka kwa Wamaasai, na sitaacha kulisema hilo hata nikizeeka. Niliondoka Karatu nikiwa mwosha magari ya watalii, matope ya Ngorongoro nzima yakipita mikononi mwangu, nikarudi na stashahada ya kompyuta kutoka Dar es Salaam. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Na Linux yenyewe hata chuoni hawakutufundisha. Niliisoma peke yangu, nikaivunja, nikaijenga upya, mpaka wenzangu wakawa wananiita nikawatengenezee za kwao.

Niliporudi nilifungua kibanda cha kompyuta kando ya barabara kuu, pale madereva wa utalii wanaposimama kunywa chai. Wengine walinikumbuka na ndoo yangu.

"Msomi! Tulidhani utarudi na suti, kumbe umerudi na nyaya!"

"Leta gari nikuoshee," niliwajibu, "halafu leta na kompyuta ya ofisi yenu niioshe pia. Hiyo ndiyo chafu zaidi."

Na kweli walizileta, zimejaa virusi kama mbwa mwenye kupe. Lakini kazi ninayojivunia kuliko zote ilikuja na mwanamke mmoja wa Kilimanjaro, mwalimu mkuu wa shule moja ya kule Nainokanoka. Aliingia kibandani amejifunga mitandio miwili, moshi wa kuni bado uko kwenye koti lake.

"Mdogo wangu, nasikia unajua kompyuta."

"Sizijui tu, Mwalimu. Mimi ndiye mchungaji wao."

"Haya, acha maringo unisikilize."

Mgeni mmoja wa kambi ya watalii alikuwa ameiachia shule kompyuta. Ilikuwa inawaka, inatetemesha kioo, kisha inazimika. Hilo lingeweza kusubiri, ila kijiji kilikuwa kimejenga chumba kimoja imara chenye bati na sola, na Jumamosi ile wazee wangekaa kuamua kitumike kwa kazi gani. Nusu yao walitaka kiwe stoo ya chumvi ya mifugo na dawa ya kuogeshea. Mwalimu alikitaka kiwe chumba cha kompyuta. Kwa mwaka mzima alikuwa akiwafundisha watoto kompyuta kwa kuichora ubaoni. Watoto walikuwa wanajua kutaja kila sehemu yake na hawajawahi kuigusa hata moja.

"Wazee wakija wakakuta mashine imekufa," alisema, "chumvi itaingia, na chumvi ikishaingia haitoki. Watoto wangu watabaki na kompyuta ya chaki."

"Itaamka," nikamwambia. "Na itaamka ikiongea Kiswahili."

Alinitazama kama watu wanavyomtazama mtu aliyekunywa mapema. Lakini nilikuwa sitanii. Wakati huo ndipo programu ya ofisi ya Kiswahili, ya kuandikia na kupigia hesabu, ilikuwa imetoka, na mimi nilikuwa nayo kwenye sahani yangu ya CD.

Jumamosi alfajiri tulipanda na gari la mizigo. Nilipakata printa ya zamani ya nukta, ile inayogonga herufi kwa vidoti, ambayo watu wa mapokezi wa hoteli moja Karatu walikuwa wameichoka. Tukapita lango la hifadhi, tukakata ukungu wa ukingo wa kreta, na kadiri tulivyopata baridi zaidi ndivyo nami nilivyozidi kuchemka. Natamani kila mtu aipate safari kama ile walau mara moja, kwenda mahali ambapo kitu unachokijua wewe hakijawahi kufika.

Kufika tu, nikafungua kompyuta, nikapuliza vumbi, nikaingiza sahani. Nikafuta kila kitu, virusi na vizazi vyao. Wale wanaodhani kuweka Linux ni kubonyeza tu na kungoja, wajue kwamba siku hizo ilikuwa kama kwenda kuposa. Unaomba programu moja, inakwambia lete kwanza ndugu yake. Unamleta ndugu, naye anasema hasogei bila shangazi. Nilikuwa nimebeba ukoo mzima kwenye sahani zangu, kwa hiyo kila aliyeitwa alikuwepo. Nikaweka skrini, nikaweka printa. Kipanya chao kilikuwa na vitufe viwili tu, na Linux inapenda vitatu, nikakipanga ili ukibonyeza vyote viwili kwa pamoja kihesabike kuwa cha tatu. Mwalimu akauliza cha tatu kina kazi gani.

"Ukishatia rangi neno lolote kwa kipanya, cha tatu kinalidondosha popote unapotaka. Hiyo mifumo mingine haina."

"Haya, mchungaji."

Kabla jua halijapanda sana, ukurasa mweupe ulikuwa wazi kwenye kioo, na juu yake menyu: Faili, Hariri, Ingiza, Zana, Msaada. Mwalimu aliyasoma maneno hayo kwa sauti, taratibu, kisha akafunika mdomo kwa mtandio. Nami nilijikuta nimesimama katikati ya chumba nikipiga makofi peke yangu.

Wazee wakafika na fimbo zao na mashuka mekundu. Mbele yao alikuwa laigwanani, kiongozi wa rika lake, ambaye neno lake ndilo lingefunga kikao. Alinitazama juu hadi chini.

"Wewe ni Mmbulu."

"Ndiyo, mzee. Wa Karatu."

"Ng'ombe wetu wako wapi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Utani huo kati ya Wamaasai na sisi, kwamba tuliwaibia ng'ombe, ni wa tangu zamani za mababu, na nilikuwa na jibu.

"Nimekuja kuwarudisha, mzee. Wamo humu ndani ya sanduku."

Akacheka mpaka akaegemea fimbo. Kisha akasema kitu kipya hakiingii kazini bila baraka. Alikuwa amekuja na kibuyu cha maziwa na kishada cha majani mabichi. Nilidhani atanyunyizia mlangoni, au ukutani. Nilikuwa bado natabasamu alipochovya majani, akasogea mezani, akaomba kwa Kimaa huku wenzake wakiitikia "Nai! Nai!", ndiyo amina yao, na akainyunyizia kompyuta yenyewe kama anavyobarikiwa ndama. Skrini ilipata matone machache. Baraka iliyobaki yote iliingia kwenye kibodi.

Mara kioo kikaanza: gggggggggg. Mstari, mistari, ukurasa mzima wa g.

"Inaandika yenyewe!" akasema mzee mmoja.

"Inasema nini?" akauliza laigwanani.

Mwalimu alikuwa ameshika ukuta. Tulielewa sote wawili. Nikisema maziwa yameiharibu, nimemwaibisha mzee mbele ya rika lake, na zaidi ya hapo, kitu kilichokataa baraka kimekataa na mahali penyewe. Nani angewapa watoto chumba cha kitu kama hicho? Chumvi ilikuwa tayari imesimama mlangoni.

"Inasafisha koo, mzee," nikasema. "Inajiandaa kusema mbele ya wakubwa."

Wakatikisa vichwa kukubali. Hata mtu huanza hivyo. Nami nikapitisha mkono nyuma ya meza nikachomoa waya wa kibodi. G zikakoma.

"Sasa iandike nitakachosema mimi," akasema laigwanani. "Andika: Ng'ombe wetu wapate majani."

Kuandika bila kibodi! Lakini sikuwa na hofu. Niliona njia yote mara moja, na utamu wake ndio sijausahau mpaka leo. Kipanya kilikuwa kizima. Kilikuwa na kitufe cha tatu nilichokipanga asubuhi kwa mikono yangu.

Nikaenda Hariri, nikachagua g zote, nikazikata. Nikafungua Msaada, kurasa zilizojaa maelezo ya Kiswahili, nikaanza kuchunga. Maneno ya mwangaza wa skrini yalikuwa na "kung'aa", nikachukua *ng'* nikaidondosha kwenye ukurasa. Nikaenda kwenye "ombi" nikachukua *omb*. Kwenye "weka" nikapata *e* ya kumalizia na *we* ya kuanzia neno la pili, kwenye "tumia" nikapata *tu*. Kila kipande kilipodondoka, wazee walisogea hatua. Walikuwa wananipumulia shingoni, harufu ya moshi na maziwa, na chumba kizima kilikuwa kimya kama zizi ng'ombe wakiwa malishoni.

"Mbona inakwenda polepole?" mmoja akanong'ona.

"Nyamaza," akasema laigwanani. "Mwenye adabu hasemi harakaharaka mbele ya wazee."

Ilipokaa sentensi yote, nikaenda Faili, nikabonyeza Chapisha. Printa ile ya hoteli ikaanguruma. Krrrrr! Krrrrr! Wazee wawili wakatoka nje na fimbo zao juu, kisha wakarudi wakichekana. Karatasi ikatoka. Laigwanani hakujua kusoma, akampa mwenzake aliyejifunzia kusoma kanisani. Yule akaishika mbali na macho, akasoma kwa sauti: "Ng'ombe wetu wapate majani."

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Ndivyo nilivyosema. Haikuongeza, haikupunguza." Akawageukia wenzake. "Imepokea maziwa, na neno lake la kwanza ni kuwaombea ng'ombe. Chumvi itafutiwe pengine. Chumba hiki ni cha watoto."

"Nai," wakaitikia, hata wale wa stoo.

Mwalimu alilia waziwazi, akacheka, akanipiga begani kwa ngumi ambayo niliibeba mpaka Karatu. Niliibeba na kibodi pia, nimeifunga ndani ya mfuko. Niliifungua kibandani, nikaisafisha kitufe kwa kitufe, nikaianika juani, na wiki iliyofuata ikarudi Nainokanoka nzima, ila kwa harufu ya mtindi isiyokubali kuondoka. Watoto waliizoea. Waliandika majina yao wenyewe, kwa vidole vyao wenyewe, na laigwanani alipita mara kwa mara kuangalia kama mashine yake inakua.

Aliponisindikiza siku ile ya kwanza, alinishika mkono pale kwenye gari.

"Mmbulu, ukileta ya pili, nijulishe mapema. Leo kibuyu kilikuwa kidogo."

"Nitakujulisha, mzee," nikamwambia. Na nilipopeleka ya pili, nilimjulisha wiki nzima kabla, na nikafika nayo ikiwa imevikwa nailoni kuanzia skrini mpaka kibodi. Akaibariki kwa kibuyu kizima.