Salamu Iliyosubiri Kokotoni

Juma lililopita, sisi wanaume tulioketi stesheni ya Shinyanga tukingoja gari moshi la Mwanza tuliitawala dunia kwa maneno. Mmoja alifuta kodi ya kichwa. Mwingine alikataza watu kupunguziwa ng'ombe kwa amri ya serikali. Mimi, kwa sauti kubwa, nilitaka kila mtu aheshimiwe.

Mbele yetu mama muuza karanga alikuwa amepiga magoti kwenye kokoto. Alikwisha kutusalimu, "Mwangaluka," na kwa desturi ya Kisukuma hainuki mpaka aitikiwe.

Mwenzetu akamtania, "Na wewe, mama, ungetawala ungebadili nini?"

"Ningewaomba mniitikie, baba zangu, niinuke."

Tuliitikia kwa pamoja kama watoto wa shule. Alipoinuka, kokoto zilikuwa zimemganda magotini. Gari moshi lilichelewa sana, na hakuna aliyeitawala tena dunia.