Alama ya Kombe la Bahari

Juma hili nilikuwa kwenye kaunta ya fotokopi, mtaa wa Kasuku hapa Kindu, nikingoja zamu. Mbele yangu mwalimu wa kike wa chuo kikuu alikuwa anachapisha maelezo ya kombe la aina mpya, gamba la kiumbe wa baharini, ambalo wenzake wa pwani walilitoa chini kabisa ya bahari. Limepinda kama pembe ya tembo, ila ni dogo kama ukucha, na bado halina jina.

Nyuma yake mzee mstaafu wa reli alinyoosha shingo, akasoma bila kuombwa. Wengi tunamkumbuka: wakati wa vita alituandikia matangazo ya watoto waliopotea, tukayabandika kwenye ukuta wa stesheni.

"Mama, umeandika urefu na rangi. Alama yake njo gani?"

"Iko na mupasuko mudogo kwa ncha, Papa. Zingine hazina. Niliiweka ku mwisho."

"Mwisho?" Mzee akagonga kaunta. "Alama inaendaka mbele! Mutu anatafuta mutoto wake, hana wakati ya kusoma rangi ya robe, ya nguo yake."

Nilidhani mama atakasirika. Alipandisha mkono wa blauzi, akaonyesha kovu kwenye kiwiko.

"Mimi pia nilipatikanaka kwa ukuta ule, Papa. Kovu hii njo ilikuwa mustari wa kwanza ya tangazo yangu."

Mzee alikitazama kile kiwiko kama mtu anayesoma mwandiko wake mwenyewe. Mama akasimamisha mashine, akaanza kupanga upya maelezo, alama ikitangulia. Foleni ilinung'unika, nami nikiwemo.

Kindu hatuna bahari. Lakini kueleza kitu mpaka mtu asiyekijua akitambue, hilo tulilisomea ukutani.